Kona ya Troli

Idrisa aliponipigia simu mwezi uliopita, sikujiuliza kama ni mzima. Nilijiuliza namba yangu kapewa na nani. Ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sijisumbui tena kuficha: mtu akinichangamkia sana natazama kwanza mikono yake imebeba nini. "Dada Esta," alisema, "ni Idrisa, yule wa kwa Mzee Kiango, Kilosa." Zaidi ya miaka ishirini hatukuwa tumesemezana. Akaendelea kwa sauti yake ile ile ya taratibu, "Mama Zuhura anaumwa, hali si nzuri. Na mimi nina karatasi hapa nataka uiangalie. Uje Mikumi, nitakupokea stendi." Nikamuuliza karatasi gani. "Ukija utaiona," akasema, akakata. Siku tatu nzima nilizunguka nyumbani na maneno hayo. Mtu aliyefukuzwa kazi kwa mdomo wangu ananiita nikaangalie karatasi, halafu hasemi ni karatasi gani. Anataka nini? Ameniandalia kesi? Ameandika kwa wakubwa? Mume wangu akachoka kunisikiliza, akaniambia niende nikamwone mgonjwa, basi. Nikapanda basi pale Morogoro nikiwa nimeshaandaa majibu ya maswali ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza.

Basi lilipoingia hifadhini abiria wote walisogea madirishani kutazama tembo. Mimi nilikuwa naitazama ofisi ya Mzee Kiango. Ilikuwa chumba kimoja cha duka la zamani, mtaa wa nyuma ya stesheni ya Kilosa, duka la vitenge lililofungwa, vikaratasi vya bei vikiwa bado vimebandikwa kwenye rafu. Mzee Kiango alikuwa mpima ardhi wa serikali, akapunguzwa kazini miaka ile kila ofisi ilipokuwa inapunguza watu, na badala ya kufungua baa kama wenzake yeye akanunua kompyuta. Ilikuwa ya mtumba, kubwa, rangi ya meno ya mvuta sigara, na kila asubuhi aliifunua kitambaa cha kufuma ambacho mkewe alikuwa amekifumia makochi ya sebuleni. Chai haikuruhusiwa kuisogelea. Viatu tulivua mlangoni. Treni ya mizigo ikipita meza ilitetemeka, na kile kimshale kwenye kioo kikatembea chenyewe, naye Mzee akainua mkono tuache kazi mpaka behewa la mwisho lipite. Waajiriwa tulikuwa wawili tu. Mimi nilitoka Kisanga, zao la shule ya misheni ambako mstari uliopinda ulikuletea fimbo, nikawa nimesomea uchoraji wa ramani. Idrisa alikuwa kijana wa Mikumi, rika langu, aliyejifunzia kompyuta Dar es Salaam, mwepesi wa vidole na mzito wa maneno. Mimi mtu asiyesema sana huwa naona ana sababu ya kunyamaza, kwa hiyo tangu wiki ya kwanza nilikuwa nikimtazama kwa pembe ya jicho.

Kazi iliyotuweka pale ilikuwa moja. Shamba kubwa la mkonge, lililokuwa la shirika, lilikuwa limekufa. Mashine zilikuwa zimenyamaza, wafanyakazi wamebaki kambini bila kazi, na sasa shamba lilikuwa linauzwa kwa mwekezaji, ukiacha kipande cha pembeni walichogawiwa wale waliolifanyia kazi maisha yao yote. Ramani yake ilikuwa ya zamani, imechorwa kwa wino juu ya karatasi ya tresingi, ile inayopitisha mwanga, na sisi tulitakiwa kuiingiza kwenye kompyuta mstari kwa mstari ili hati mpya zitoke. Kwa asiyejua kazi hii nieleze kidogo. Kwenye karatasi, mistari miwili ikikaribiana bila kugusana, jicho linaiunganisha lenyewe na maisha yanaendelea. Kompyuta haina huruma hiyo. Ukiacha upenyo hata wa mguu wa sisimizi, inakwambia umbo liko wazi, na haikupi ukubwa wa eneo hata ukilia. Ndiyo maana kulikuwa na amri moja tuliyoiita kuchonga kona. Unaandika sifuri, unagusa mstari wa kwanza, unagusa wa pili, na yote miwili inakimbiliana mpaka ikutane. Ulio mfupi unarefuka, uliozidi unakatwa, na kona inabaki na ncha kali kabisa. Sijawahi kumwambia mtu, lakini ilinipa raha. Nilikuwa msichana aliyekulia katika nchi ambayo mwaka ule kila kitu kilikuwa kinafunguka na hakuna aliyejua kitafungwa na nani, halafu mimi nagusa mara mbili tu, kona inafungwa. Nilizichonga hata zile ambazo hakuna aliyenituma.

Saa saba mchana tulikuwa tunazunguka nyuma ya ofisi, kwenye banda la Mama Zuhura. Alikuwa mama ntilie wetu, mjane wa kambini kwenye shamba lile lile, mwembamba, mwenye macho yasiyokosa kitu. Alikuwa na desturi yake: kila mteja wa kudumu alikuwa na sahani yake ya bati, nayo haiguswi na mwingine. Yangu ilikuwa na mstari mwekundu ukingoni. Ya Idrisa ilikuwa na ua la bluu lililobanduka nusu. Ukiwa na sahani kwa Mama Zuhura wewe ni mtu wa nyumbani, na chakula chako kinafunikwa hata ukichelewa. Alitupikia ugali na mlenda, au wali na kambale wa mto Mkondoa, na huku tunakula masikio yangu yalikuwa benchi la pili, kwa mafundi wa reli na wachuuzi. Maneno yalikuwa yale yale kila siku. Fulani kaonekana na wazungu. Fulani kajenga, kapata wapi? Kiwanda kile kimeuzwa kwa bei ya baiskeli. Yule mkubwa aliyesaini karatasi sasa ana gari jipya. Mwaka ule ukimwona mtu amevaa viatu vipya ulikuwa humpongezi, unamtafutia alichouza. Mimi nilikuwa nalisikiliza soga hilo kwa hamu, nikirudi ofisini nalitafuna upya.

Siku moja Mama Zuhura alikaa nasi, jambo ambalo hakuwa akilifanya, akaweka kitambaa chake cha mikono mapajani. "Wanangu," akasema, "ninyi wenye kompyuta. Ile Kona ya Troli mmeiwekaje?" Idrisa akaacha kula. Mahali pale tulipafahamu kwa jina. Ilikuwa kusini ya shamba, palipopinda reli ndogo ya matroli yaliyobeba mkonge zamani, na pale penye kona walizikwa manamba, wale vibarua walioletwa toka mbali wakafia shambani, watu wa kila kabila na kila dini, kaburi kwa kaburi, kila moja na mche wa mkonge kichwani kama alama. Mume wa Mama Zuhura alikuwa pale. Kila mwezi alikwenda kumfagilia. "Sina kwingine," akasema. "Kwao Kigoma sikujui, na kwetu sikumbuki njia. Nikifa nilale pale ubavuni mwake. Sasa nasikia mwekezaji anataka kila kipande." Idrisa akamjibu, "Usiwe na wasiwasi, Mama. Pale pamebaki nje." Mimi nikatikisa kichwa kukubali, ingawa sikuwa nimepaangalia. Alinyanyuka akatuongezea mboga bila kutuuliza.

Karatasi ya kusini ilikuwa ya Idrisa, na ilikaa wiki nzima haijafungwa. Hilo niliona. Zangu zilikuwa zimekamilika, za kwake zimekamilika, hiyo moja tu alikuwa anaizungukazunguka. Mzee Kiango naye alikuwa moto, dereva wa mwekezaji anakuja kila siku kuulizia, anakaa mlangoni na meno yake ya dhahabu akitutazama. Mwishoni mwa wiki ile tulifunga kazi kwa haraka, nikamalizia kona nyingi hata nisizikumbuke, na Jumamosi Mzee akaondoka na disketi kwenda Morogoro kuchapisha. Jumatatu nikamkuta Idrisa amesimama mbele ya kompyuta, mikono nyuma, anatazama tu. "Dada Esta," akasema, "ile kona ya kusini umeiangalia vizuri?" Nikamuuliza, "Kwani ina nini?" Akageuka kumtazama dereva pale mlangoni. "Basi," akasema, "tutaongea baadaye." Nikajisemea moyoni, huyu ananipima. Anataka kujua kama nimeona alichokifanya. Mchana ule akajaribu tena kunivuta pembeni, nikamjibu mbele ya watu kwamba mwenye la kusema amwambie Mzee akirudi. Kesho yake akaomba ruhusa kwa barua, mama yake mgonjwa, akaenda zake Mikumi.

Mzee Kiango aliporudi na ramani zilizochapishwa, ni mimi aliyenituma kupeleka nakala ya mwekezaji, na watu wa mwekezaji walikuwa wamefikia hoteli moja kando ya barabara kuu, wapi? Mikumi. Nilikwenda na lori la miwa lililokuwa linarudi Kidodi, vumbi mpaka kwenye kope, ramani nimeikumbatia ndani ya bomba lake. Nikaingia kwenye ukumbi wa chakula wa hoteli ile, vitambaa vyeupe mezani, harufu ya nyama ya kuchoma, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Idrisa. Amekaa na msimamizi wa mwekezaji, sahani ya kuku mbele yake, ameinama anaongea kwa bidii, mtu ambaye ofisini ukipata kutoka kwake maneno kumi kwa siku una bahati. Alikuwa anachora kitu kwa kidole juu ya kitambaa cha meza. Nilisikia msimamizi akisema, "Ramani ikisema ni yetu, ni yetu," akacheka. Idrisa aliponiona akasimama kwa haraka mpaka kiti kikaanguka. Sikumsalimu. Niliweka bomba mezani, nikadai saini yangu, nikatoka. Alinifuata mpaka barabarani akiita jina langu, nami nikapanda lori la kwanza lililosimama, nikiwa na furaha mbaya ya mtu aliyekuwa akishuku na sasa amethibitisha.

Wiki mbili baadaye, Idrisa akiwa amesharudi kazini, trekta liliingia Kona ya Troli. Mama Zuhura alikuja ofisini na viatu vyake, hakuvivua, na Mzee Kiango hakuthubutu kumwambia. Alikuwa amebeba mche wa mkonge mkononi, mizizi inaning'inia na udongo. "Huu ulikuwa kichwani kwa mume wangu," akasema. "Wamelima mpaka katikati, ndipo watu wa kambi tukalala mbele ya trekta. Hivi sasa sijui kichwa chake kiko wapi na miguu iko wapi. Wamenionyesha karatasi. Karatasi yenu." Mzee Kiango aliitandaza ramani mezani, akavaa miwani, akaifuata mistari kwa kidole mpaka kusini. Mpaka wa shamba na mpaka wa reli ilikuwa imekutana, ncha kali, safi, na makaburi yote yalikuwa ndani ya ncha hiyo. Nilimwona Mzee akikaa chini polepole.

Ndipo akatueleza, kwa sauti ya chini, huku akitutazama mmoja baada ya mwingine. Wachoraji wa zamani wa shamba lile walikatazwa na kampuni ya kikoloni kuandika makaburi kwenye ramani, maana kampuni haikutaka kuonekana imezika watu wengi namna ile. Sasa wao, nao walikuwa na ndugu mle, wakabuni namna yao. Walipofika penye makaburi waliiacha mistari isikutane, upenyo wa upana wa kidole, na kila mchoraji aliyekuja nyuma aliambiwa na aliyemtangulia: hapo usifunge, ukilazimika kata kona kwa mstari mfupi, watu wabaki nje. "Hili halikuandikwa popote," Mzee akasema. "Mimi nilirithishwa kwa mdomo. Nami nilimwambia Idrisa alipoianza karatasi hiyo." Akamgeukia. "Nilikuambia au sikukuambia?" Idrisa akasema, "Uliniambia, Mzee." "Sasa?" "Sikuifunga mimi." Akanitazama. Ninayakumbuka macho yale, yalikuwa ya mtu anayengoja. Na mimi badala ya kujiuliza ananingoja nini, nikafungua kinywa nikasema niliyoyaona Mikumi: hoteli, kuku, msimamizi, kidole juu ya kitambaa. Nikaongeza kwamba mama yake hakuwa mgonjwa, jambo ambalo sikuwa na ushahidi wake. Mama Zuhura akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," akatoka. Mchana ule sahani yenye ua la bluu ilikuwa imepinduliwa kifudifudi juu ya rafu ya banda, na Idrisa aliiona alipopita na mfuko wake kwenda stendi. Hakujitetea tena.

Baada ya hapo Mzee Kiango alikwenda kwa mwekezaji na kwa wakubwa kuomba kona irekebishwe. Akajibiwa ramani imeshasainiwa na kugongwa mihuri, na kwa wema wa mwekezaji makaburi yaliyosalia hayatalimwa, ila yasiongezwe mengine. Mama Zuhura akawa amezuiwa kuzikwa kwa mumewe angali hai. Mwezi ule ule Mzee aliniambia nifungue faili la kusini nitoe nakala ya kumbukumbu. Nikaweka disketi. Kompyuta ile, kabla ya kufungua faili, ilikuwa inaorodhesha majina yote na siku na saa ya mwisho kuguswa. Faili la kusini liliguswa mara ya mwisho Ijumaa, saa saba na dakika chache mchana. Nikaisoma tena. Ijumaa saa saba Idrisa alikuwa msikitini. Kila Ijumaa, hakukosa hata moja, aliondoka saa sita na kurudi saa nane, na kwa kuwa Mzee naye alikwenda kula kwake, aliyekuwa anabaki ofisini peke yake ni mimi. Kumbukumbu ikanijia yote kwa mara moja. Joto. Dereva mlangoni. Karatasi ya Idrisa iko wazi, kompyuta inakataa kutoa eneo, na mimi nakuta upenyo kusini, upenyo wa kizembe, nikasema moyoni huyu bwana hajui kazi. Sifuri. Nikagusa. Nikagusa.

Nilipaswa kunyanyuka pale pale. Mzee Kiango alikuwa hatua nne kutoka kwangu akinywa chai yake mlangoni. Nilichofanya ni kutoa nakala, kuipanga kwenye jalada, na kuifunika kompyuta kitambaa chake. Niliogopa kazi, niliogopa macho ya Mama Zuhura, niliogopa sahani yangu yenye mstari mwekundu kupinduliwa. Kesho yake nilikula kwake kama kawaida, akanifunikia chakula nilipochelewa. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Mzee Kiango alifariki miaka michache baadaye bado anaamini ni Idrisa. Mimi nikaenda Morogoro, nikapanda cheo, nikafundisha vijana kuchonga kona, na kwa miaka yote hiyo nikawa mtu wa kumshuku kila mtu. Nilikuwa najua mtu mwenye uso wa kawaida anaweza kubeba nini, maana nilikuwa nimekibeba.

Stendi ya Mikumi Idrisa alinipokea, kipara, mnene kidogo, mkono ameunyosha. Duka lake lipo kando ya barabara kuu: mihuri, mabango, kadi za harusi, na kompyuta nyembamba ambayo haijafunikwa kitu. Kwenye kioo chake kulikuwa na bango la saluni, herufi zake kona zote zimechongwa. Nikakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Akaniwekea karatasi mbele. Mwekezaji aliondoka siku nyingi, akaniambia, shamba limerudi serikalini na linapimwa upya wiki ijayo, na mpimaji amesema atakata kona makaburi yabaki nje kama atapata ushahidi wa maandishi kutoka kwa mtu aliyeichora ile ramani. "Mama Zuhura hana muda," akasema. "Anataka ajue kabla." Nikaisoma karatasi kama ninavyosoma kila karatasi, nikitafuta mtego. Ilieleza tresingi, upenyo, desturi ya wachoraji, vyote sawa kabisa. Nikashuka mpaka sentensi ya mwisho, niliyojua ina jina langu. Haikuwa nalo. Ilisema, *Kona hiyo ilifungwa kimakosa na*, halafu nafasi tupu, na chini mahali pa saini.

"Kwa nini hukujaza?" nikamuuliza. "Si mimi niliyefunga," akasema. Nikamuuliza alijua lini. "Jumatatu ile. Saa ilikuwa imeandikwa, Dada. Nilitaka nikuambie ukarekebishe kabla Mzee hajarudi, yule dereva akawa anatusikiliza, nawe ukanikimbia. Nikaona niwahi kwa msimamizi, nimwambie pale pana watu." Nikamuuliza mbona hakusema siku ile mbele ya Mzee. Akawaza. "Nilidhani unajua kuwa ni wewe, unaogopa tu, na utasema. Nilikuwa nangoja. Ulipofungua kinywa nikajisemea, sasa anasema." Akanyoosha ukingo wa karatasi. "Baada ya pale, nani angeniamini?" Mama yake, akaongeza kana kwamba ni jambo dogo, alifariki mwezi uliofuata. Nililia palepale dukani, mteja akiingia na kutoka. Idrisa alinisogezea kalamu. Nikaandika majina yangu matatu kwenye nafasi ile, kwa mwandiko wa misheni, nikasaini.

Tulikwenda kambini kwa gari lake, kupitia kijiji cha Ulaya. Nyumba ya Mama Zuhura ni ile ile ya mstari wa kambi, chumba na ukumbi. Idrisa alibeba mfuko wa sukari na dawa mpaka kizingitini, akaviweka, kisha akarudi kukaa kwenye gogo nje. "Nenda," akasema, "mimi huwa naishia hapa." Binti yake, Zuhura, ambaye sasa naye ni mama wa watu, akaniambia ndani kwa sauti ya kunong'ona kwamba ndivyo ilivyo miaka yote: Idrisa huja, humpeleka mama hospitali, humletea mahitaji, na mama huyapokea, lakini hajapata kumpa hata kikombe cha maji. Mgonjwa alikuwa kitandani, mdogo sana, macho yale yale. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Esta wa kompyuta." Nikapiga magoti pembeni mwa kitanda, nikamwambia bila kuzunguka, kwa sababu nilijua nikizunguka nitatokea upande mwingine. Nikasema kona itafunguliwa, atalala kwa mumewe. Nikasema aliyeifunga ni mimi.

"Yeye siye?" akauliza. "Siye, Mama." "Ulijua lini?" Nikamwambia mwaka ule ule. Akageuza kichwa akautazama mlango, pale kilipoonekana kipande cha bega la Idrisa juani. "Na nilikuwa nakufunikia chakula," akasema. Nilitamani anifukuze, ingekuwa rahisi.

"Zuhura," akaita. "Mwambie Idrisa aingie ndani. Mpakulie." Zuhura akasimama kama hajasikia vizuri, kisha akatoka mbio. Idrisa aliingia akiwa amevua viatu, akakaa mkekani pale alipoonyeshwa, akaletewa wali na kambale kwenye sahani ya plastiki, kwa sababu zile za bati zilishaisha. Alinawa mikono mara mbili. Mama Zuhura akamtazama mpaka alipokula tonge la kwanza, ndipo akanigeukia mimi.

"Na wewe utakula," akasema. "Lakini utamsubiri amalize."

Idrisa alikula taratibu, akitoa miiba ya samaki mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani, na mimi nikakaa mkekani nikimsubiri.